Nafaka Iliyozaa Vitabu

Wataalamu wa Ubuddha wanapokutana kutoka pembe mbalimbali za dunia, sifa huwaendea wasemaji wa ukumbini. Lakini mjadala hauutangulii mswada. Chama chao cha kimataifa kiliundwa mwaka 1976, na mkutano wake wa kwanza ukafanyika New York mwaka 1978. Kufikia wakati huo, vitabu vingi vya Kitibeti walivyovihitaji vilikuwa vimekwisha kufika Marekani kupitia Maktaba ya Bunge iliyoko Washington, na fedha zilizovinunua zilitokana na ngano.

Mwaka 1954 Marekani ilipitisha sheria namba 480, iliyoiruhusu kuuza ziada ya mazao yake kwa sarafu za nchi zilizonunua. India ililipa rupia, na rupia hizo zikabaki India. Mwaka 1958 sheria ilirekebishwa ili Maktaba hiyo iweze kununulia vitabu fedha za namna hiyo, na mwaka 1962 ikafungua ofisi New Delhi. Kati ya miaka hiyo, yaani mwaka 1959, Dalai Lama alikimbilia India, na maelfu ya Watibeti wakamfuata, baadhi yao wakiwa wamebeba maandiko.

Mwaka 1968 E. Gene Smith, mzaliwa wa Utah aliyesoma Kitibeti, aliajiriwa na ofisi hiyo. Maktaba ilinunua nakala kadhaa za kila kitabu, kwa ajili yake na vyuo vikuu vya Marekani. Hivyo mkimbizi mwenye nakala moja pekee aliweza kuichapisha akijua kwamba mnunuzi yupo. Smith aliviandikia vitabu vingi utangulizi, akaeleza mtunzi ni nani na mapokeo yake ni yapi. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya wakulima ikawa imeokoa fasihi ya taifa lililo uhamishoni.

Habari hii inatuhusu. Mwaka 1966 Maktaba hiyohiyo ilifungua ofisi Nairobi, nayo hukusanya machapisho ya Afrika Mashariki, ya Kiswahili yakiwemo. Hata hivyo, kazi yake ni kununua kilichokwisha kuchapishwa. Utenzi wa hati za Kiarabu uliofungiwa sandukuni mwa familia huko Lamu au Pate hauwezi kuagizwa na yeyote, mpaka wenyewe waridhie kuutoa na mchapishaji apatikane. Watibeti walitoa nakala zao baada ya kuipoteza nchi. Sisi hatuna haja ya kungoja msiba kama huo.