Wanyama wa Virunga ni wa Nani?

Mtu akisimama hapa Goma asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda, huiona milima yetu mirefu: Nyiragongo wenye moto tumboni, na upande wa mashariki yake Mikeno na Karisimbi. Twaitazama kila siku, lakini ni wachache kati yetu wanaojua ni nani wakaao huko. Watoto wakisikia habari za msitu ule huuliza swali moja ambalo sisi wakubwa hupenda kulikwepa: “Wanyama hawa ni wa nani?” Leo tusilikwepe. Tangu zaidi ya miaka mia swali hilo limejibiwa kwa namna nyingi, na kila jibu limezaa matunda yake, mengine matamu, mengine machungu.

Kwanza tuwajue wenyewe. Wako wengi, lakini tuwatazame wawili: mmoja wa mlima, mmoja wa ziwa.

Wa mlima ni gorila, ambaye wasemao Kinyarwanda humwita ingagi. Watu wengi humdhania kuwa mkali apendaye damu. Sivyo. Chakula chake ni majani, mashina na mizizi, na machipukizi ya mianzi yanapotoka. Huishi kwa jamaa. Baba wa jamaa ni dume aliyekomaa, ambaye mgongo wake umegeuka rangi ya fedha. Uzito wake waweza kupita kilo 150. Yeye ndiye anayeamua waende wapi, wapumzike saa ngapi, walale wapi. Jioni kila mmoja hujitengenezea kitanda cha majani, na kesho yake jioni hutengeneza kingine. Dume akijipiga kifua, mara nyingi ni kuonya tu, ili asipigane. Mama huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha muda wa miaka mitatu hivi, wala hazai tena mpaka karibu miaka minne ipite. Basi ukimwua mama mmoja, pengo lake halizibwi upesi.

Wa ziwa ni kiboko. Mchana kutwa hukaa majini, kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Usiku hutoka akala majani ya nchi kavu, kilo 40 hivi kwa usiku mmoja, kisha hurudi majini na tumbo limejaa. Humo majini huacha samadi yake. Samadi hiyo hulisha mimea midogo sana ya ziwa na wadudu wake, na hao huliwa na samaki. Kwa hiyo kila usiku kiboko hubeba mbolea kutoka nchi kavu na kuitia ziwani, wala hadai mshahara. Neno hili tulishike vizuri, maana tutalirudia.

Sasa tufuate historia. Zamani za mababu msitu ulikuwa ghala. Watwa waliwinda na kurina asali humo, na wakulima walitafuta miti na mianzi. Kisha wakaja wageni wenye bunduki. Mwaka 1902 kapteni mmoja Mjerumani, Robert von Beringe, alipanda mlima Sabinyo akapiga risasi gorila wawili. Mifupa ya mmoja ikapelekwa Berlin, na mwaka 1903 wataalamu wakampa mnyama huyo jina la kapteni. Hivyo mnyama aliyeishi kwetu tangu kale akapewa jina la mtu aliyemwua. Hilo ndilo lilikuwa jibu la wageni wa kwanza: mnyama ni wa mwenye bunduki.

Mwaka 1921 akaja Mmarekani, Carl Akeley, kuwatafutia gorila watu wa jumba la makumbusho la New York. Naye aliua, lakini moyo wake ukageuka. Aliporudi kwao aliomba gorila wa milima hii walindwe. Tarehe 21 Aprili 1925, Albert wa Kwanza, Mfalme wa Wabelgiji, alitia sahihi amri ya kuanzisha Parki ya Albert, iliyo ya kwanza katika Afrika nzima kuitwa parki ya taifa. Akeley alirudi mwaka 1926 kuwachunguza gorila wakiwa hai, akaugua na kufa mwezi wa Novemba katika mlima Mikeno. Alizikwa huko huko, mahali paitwapo Kabara.

Amri hiyo iliwaokoa gorila. Hatuwezi kulikana jambo hilo. Lakini historia ina pande mbili. Tangu mwaka 1929 parki ikapanuliwa mpaka nchi tambarare za Rutshuru na Ziwa Edward. Watu waliokuwa wakikaa na kulima humo wakahamishwa, na makaburi ya wazee wao yakabaki ndani ya mpaka. Kuni, nyama na asali, vitu ambavyo baba alivitwaa bila kumwomba mtu, mwana akivitwaa aliitwa mwizi. Ndipo wengi walipoanza kuwahesabu hao kuwa wanyama wa Bula Matari. Na mali ya Bula Matari, nani atailinda kwa moyo? Hilo lilikuwa jibu la pili, na uchungu wake haujaisha mpaka leo katika magomvi ya mashamba.

Mwaka 1960 nchi yetu ikapata uhuru. Wazungu wengi wakaondoka kwa haraka, na wengi huko Ulaya walidhani parki imekwisha. Kumbe walinzi Wakongomani walibaki mahali pao. Waliendelea kuzunguka msituni katika siku ambazo hakuna aliyejua kesho italeta nini, na wengine wakafa katika kazi hiyo. Hao waliwatunza wanyama ambao si wa mfalme tena. Mwaka 1969 parki ikaitwa Virunga, na mwaka 1979 UNESCO ikaiandika kuwa urithi wa dunia nzima.

Lakini urithi huo ukapata siku mbaya. Mwaka 1960 mtaalamu Mmarekani George Schaller, aliyekaa Kabara akiwatazama gorila bila bunduki, alikadiria kuwa katika milima hii walikuwako kati ya 400 na 500. Hesabu ya mwaka 1981 ilikuta 254 tu. Mwezi wa Julai 1994 watu zaidi ya 700,000 walikimbia kutoka Rwanda wakaja kwetu. Walikaa katika kambi za Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo, kando kando ya msitu. Walihitaji kupika, wakakata miti. Mtu mwenye njaa hatuwezi kumlaumu. Vita vilivyofuata vikaleta watu wenye silaha ndani ya parki yenyewe, na jibu la kale likarudi: mnyama ni wa mwenye bunduki.

Hapo ndipo turudi kwa kiboko. Katika miaka ya 1970 Ziwa Edward na mito yake vilikuwa na viboko zaidi ya 25,000, wengi kuliko mahali pengi pa dunia. Wenye silaha waliwaua kwa nyama na kwa meno. Kufikia mwaka 2005 hawakufika hata 1,500. Je, ni nani alipata hasara? Tungedhani ni mtalii peke yake. Hapana. Samadi ilipopungua ziwani, chakula cha samaki nacho kilipungua. Na uvuvi usiofuata sheria, wa nyavu za matundu madogo, ukaongeza ubaya. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wakavuta nyavu nyepesi. Kiboko alikufa kwanza, kisha njaa ikaingia nyumba ya mvuvi, kisha bei ya samaki ikapanda sokoni. Wazee walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Nasi tuseme: usione samaki katika sahani, kuna aliyemlisha.

Yako pia mambo ya mwaka 2007. Mwezi wa Julai mwaka huo dume mkubwa aitwaye Senkwekwe aliuawa kwa risasi pamoja na majike wa jamaa yake. Nyama yao haikuliwa, wala watoto wao hawakuchukuliwa kuuzwa. Kwa nini basi waliuawa? Wengi waliochunguza waliona kuwa nyuma ya mauaji hayo kulikuwa na biashara ya makala, kwa maana msitu wenye gorila una walinzi, na walinzi huzuia tanuru za makala. Wanakijiji pamoja na walinzi walimfunga Senkwekwe juu ya machela ya miti, wakambeba mabegani mpaka nje ya msitu, kama mtu abebwavyo na jirani zake. Picha hiyo ilizunguka dunia. Mwezi mmoja kabla yake, mtoto wa kike wa miezi miwili alikutwa ameshikamana na maiti ya mama yake. Jina lake Ndakasi. Alilelewa na walinzi, baadaye huko Rumangabo, akafa mwezi wa Septemba 2021 mikononi mwa mlezi wake, André Bauma.

Mikono ya walinzi imeshika mengi. Zaidi ya walinzi 200 wameuawa katika kazi ya parki hii. Siku moja tu, tarehe 24 Aprili 2020, walikufa 12 karibu na Rumangabo. Wengi wao ni vijana wa vijiji vyetu, waume na baba za watoto. Kwa kazi yao na ya wenzao wa Rwanda na Uganda, hesabu ya miaka 2015 na 2016 ilikuta gorila 604 katika milima ya Virunga. Nao viboko wakaanza kuongezeka tena pole pole.

Basi, ni wa nani? Makala yale yaliyoleta kifo msituni yaliwashwa wapi, ikiwa si katika mbabula za Goma? Simlaumu mama wa watoto sita. Hawezi kupika maharagwe kwa maneno matupu, na gunia la makala ndilo lililo karibu. Lakini ipo njia. Mwaka 2015 kituo cha umeme kilifunguliwa Matebe, karibu na Rutshuru, chenye kutumia nguvu ya maji ya mto. Na umeme wake ukafika mpaka mjini kwetu. Wengine wamepata majiko yanayokula makala kidogo. Wengine hupanda miti yao wenyewe ya kuni. Kila gunia lisilotoka parkini ni mti uliobaki, na katika mti ule kuna mnyama, na nyuma ya mnyama yuko mtu.

Bunduki ilijibu, mfalme akajibu, vita vikajibu. Mtoto akikuuliza kesho swali lile, mwonyeshe kwanza samaki aliye katika sahani yake, kisha mwonyeshe mlima. Mwambie kwamba anayekulisha usiku umelala si mgeni, ni jirani. Na nyumba ya jirani ikiungua, moto hauulizi mpaka.