Mgeni Aliyekaa Miezi Sita

Mwaka 1920 Myahudi mmoja alifika karibu na Mbale, chini ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda. Wenyeji wamemhifadhi kwa jina moja tu: Yosef. Huko vijijini alikuta wakulima Waafrika wanaoshika Sabato, wanaume na watoto wao wa kiume wametahiriwa, na mkuu wao, mzee aliyewahi kuwa jemadari wa vita, akiwasomea Torati kwa Kiluganda. Hakuna Myahudi aliyewatangulia kuwafundisha haya. Waliyasoma wenyewe kitabuni.

Yosef alikaa nao kama miezi 6. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe alilokabidhiwa yeye lilikuwa kufundisha, na shamba alilolima bado linavunwa. Ila ili tuelewe alichokifanya, inatupasa kwanza tumjue mwenyeji wake.

Semei Kakungulu alizaliwa Koki, akakulia katika misukosuko ya Buganda ya Kabaka Mwanga, zama ambazo dini ilikuwa ni siasa na siasa ilikuwa ni bunduki. Akabatizwa Mprotestanti, akapigana upande huo, akapanda cheo. Aprili 1899 jeshi lake lilikuwa pamoja na Waingereza walipowakamata Mwanga na Kabalega wa Bunyoro kwa siku moja. Baada ya hapo akaelekea mashariki na askari wake, akajenga ngome, akakata barabara, akapanda miti, akaitiisha nchi iliyoitwa Bukedi. Aliamini kwamba malipo ya kazi hiyo ni ufalme: angekuwa Kabaka wa nchi aliyoiteka. Waingereza hawakuwa na nia hiyo. Walipoona nchi imetulia walimpunguzia madaraka, wakamwachia ardhi pale Mbale, mji ambao yeye ndiye mwanzilishi wake. Baadaye wakamweka Busoga kwa miaka kadhaa, na mwaka 1913 akarudi Mbale akiwa na uchungu moyoni.

Mtu aliyevunjwa moyo na wakubwa huanza kusoma upya yale waliyomletea. Kakungulu alijiunga na dhehebu la Malaki Musajjakawa, Mganda aliyehubiri kwamba kumwamini Mungu na kunywa dawa za hospitali ni mambo mawili yasiyopatana. Serikali haikulipenda dhehebu hilo hata kidogo, hasa lilipokataa chanjo. Lakini Kakungulu hakuishia kwa Malaki. Biblia nzima ilikuwa imechapishwa kwa Kiluganda tangu 1896, na yeye aliisoma kama mtu anayekagua mkataba, neno kwa neno. Akaona amri ya tohara aliyopewa Ibrahimu. Akaona Sabato ya siku ya saba. Hakuona mahali palipoandikwa kwamba zimefutwa.

Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Kwa Mganda Mkristo wa wakati ule hilo lilikuwa jambo zito, maana katika Buganda tohara ilihesabiwa kuwa alama ya Waislamu. Wenzake katika dhehebu walimpinga: tohara, walimwambia, ni ya Wayahudi. Jibu lake ndilo linalosimuliwa mpaka leo pale Mbale, kwamba kama ni hivyo, basi sisi ni Wayahudi. Tangu siku hiyo wakaitwa Abayudaya, neno la Kiluganda lisilohitaji mkalimani kwa msemaji wa Kiswahili: Wayahudi, basi.

Mahali penyewe panastahili kutajwa. Mbale ni nchi ya Wagisu, ambao kwao tohara si jambo la kuomba radhi. Kila mwaka wa shufwa vijana wao huingia imbalu, jando lao, wakasimama wima mbele ya ngariba na kadamnasi bila kupepesa jicho. Mgisu aliyejiunga na watu wa Kakungulu hakushangazwa na kisu. Alishangazwa na umri, kwa sababu Torati yataka mtoto atahiriwe siku ya nane, kabla hajajua hata kujikaza.

Tena miaka 16 tu kabla, mwaka 1903, serikali ya Uingereza ilikuwa imependekeza kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi ardhi ya kuhamia Afrika Mashariki. Mpango huo ulijulikana duniani kwa jina la Uganda, ingawa ardhi iliyokusudiwa ni Uasin Gishu, katika Kenya ya leo, kusini-mashariki mwa Elgon. Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, aliupeleka mbele ya mkutano wao mjini Basel, ukazua mgawanyiko mkubwa. Tume ya watu watatu ikaja kuikagua nchi mwaka 1905, na mwaka huohuo mkutano uliofuata ukaukataa. Hao walioalikwa hawakuja. Walioinuka upande wa pili wa mlima hawakualikwa na mtu. Nimewahi kuona mambo haya mawili yakichanganywa, kana kwamba Abayudaya ni mabaki ya mpango ule. Hawahusiani. Hawa ni matunda ya Kakungulu na Biblia yake.

Sasa turudi kwa Yosef. Watu hawa walikuwa na kitabu, lakini kitabu peke yake kina mahali kinapokwama. Chukua Pasaka. Torati inaagiza iliwe jioni ya siku ya 14 ya mwezi wa kwanza, mwezi wa Abibu, masuke ya shayiri yanapoiva. Je, mkulima wa ndizi na mtama wa Mbale, karibu kabisa na mstari wa ikweta, ataujuaje huo mwezi? Kwake mvua huja mara mbili kwa mwaka, na shayiri ya Kanaani hajapata kuiona. Kalenda ya kizungu ukutani haimsaidii. Kufuata mwezi kwa macho nako hakutoshi: sisi tuliozoea kuungoja mwezi wa Ramadhani uandame tunajua kwamba mwaka wa mwezi unaupungukia mwaka wa jua kwa siku kama 11, ndiyo maana Ramadhani huzunguka masika na kiangazi. Wayahudi nao huhesabu kwa mwezi, lakini Pasaka yao haitakiwi kuzunguka. Kwa hiyo katika kila miaka 19 huongeza mwezi wa 13 mara 7, ili hesabu irudi kwenye mstari. Ufundi huu haumo wazi katika Torati. Umehifadhiwa katika mapokeo, mtu kwa mtu, kizazi kwa kizazi.

Hicho ndicho Yosef alichokuja nacho. Aliwapa kalenda. Akawaonyesha Pasaka inapoangukia, na Shavuoti, yaani sikukuu ya majuma, na mwaka mpya, na Yom Kipuri, siku ya upatanisho, na sikukuu ya vibanda. Akawafundisha pia nyama ipi inaliwa na inachinjwaje. Kwa jirani Mwislamu wa Mbale, mengi ya haya yalieleweka mara moja: kisu kikali, koo la mnyama, damu iachwe itoke. Somo lilizaa chuo kidogo, kwani Kakungulu aliamua yale waliyopewa na mgeni yasiondoke na mgeni, akaweka mahali pa kuyafundisha vijana. Mwaka 1922 akatoa kitabu cha kurasa kama 90 kwa Kiluganda, cha sala na kanuni za imani yao. Katika mambo yote aliyoyafanya mzee yule, vita na ngome na barabara, hilo la kuandika mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote.

Kakungulu alifariki Novemba 1928. Walibaki watu wachache, maskini, mbali na Wayahudi wengine wote duniani. Mzee Samson Mugombe alikuwa miongoni mwa waliowaongoza miaka iliyofuata, na walidumu kwa kile walichokuwa nacho: kalenda, kitabu na nyimbo. Mgeni mwingine wa kukumbukwa aliwafikia mwaka 1962. Huyu alikuwa Arye Oded, Mwisraeli aliyekuwa Makerere kwa masomo, ambaye baadaye alikuwa mwanadiplomasia katika nchi zetu hizi. Alikwenda kwao kuuliza, akasikiliza, akaandika. Kwa maandishi yake Wayahudi wa kwingineko walianza kusikia kwamba Mbale kuna ndugu.

Kisha Idi Amin akachukua nchi mwaka 1971. Mwaka uliofuata alivunja uhusiano na Israel, na ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yaliharibiwa. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu ili waishi, na jamii iliyokaribia watu 3,000 ikabaki na kama 300, wakisali kwa sauti ya chini ndani ya nyumba zao. Gershom Sizomu, mjukuu wa Mugombe, alikuwa mtoto wakati huo. Amesimulia jinsi baba yake alivyokamatwa kwa kosa la kujenga kibanda cha sikukuu, na jinsi alivyoachiwa baada ya kutoa mbuzi 5.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 mikononi mwa jeshi la Tanzania na Waganda waliotoka uhamishoni. Sisi wa huku tunaijua tarehe hiyo kwa sababu yetu: ni vita vya Kagera, ni vijana wetu waliokwenda na wengine hawakurudi. Lakini ifungue kalenda ile aliyoileta Yosef, uitazame siku hiyo. Jioni ya tarehe 11 Aprili 1979 ndipo Pasaka ya Kiyahudi ilipoingia, usiku wa kukumbuka kutoka utumwani Misri. Kila ninapoifikiria sadfa hiyo huniinamisha kichwa. Ni watu wangapi waliokula mkate usiotiwa chachu usiku ule wakiwa bado wananong'ona, hawajui kwamba mfalme wao wa Misri amekwisha kukimbia mji?

Uhuru ulirudi, watu hawakurudi kwa wingi. Kazi ya kuwakusanya ilifanywa na vijana, katika miaka ya 1980, waliokwenda kuishi pamoja juu ya kilima cha Nabugoye, kilichokuwa mahali pa ibada tangu zamani. Joab Jonadab Keki, ambaye wote humwita J. J., na Gershom mdogo wake walikuwa miongoni mwao. Walilima pamoja na kusoma pamoja. Kwa kuwa wazee walikuwa wakizeeka na nyimbo zao, vijana wakatunga mpya: Zaburi kwa Kiluganda, Kiebrania juu ya gitaa lenye mwendo wa rumba.

Mwaka 1992 wakatembelewa na wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa Kenya kimasomo. Mwaka 1995 ukaja ujumbe mzima kutoka Marekani ulioandaliwa na shirika la Kulanu. Na hapa ndipo mkondo wa historia hii unapogeuka. Mpaka wakati huo Abayudaya walikuwa watu wanaosubiri mgeni aje awafundishe. Walipofika hawa, waliondoka wakiwa wao ndio waliofundishwa, na walipofika kwao wakaanza kuwaalika wenyeji wao. Vijana wa Nabugoye wakapanda ndege. Walisimama katika masinagogi, mashule na vyuo vikuu vya Marekani, wakaeleza habari za Kakungulu, za Amin, za kilima chao, kisha wakaimba. Wasikilizaji wao wengi walizaliwa katika Uyahudi kama mtu anavyozaliwa katika ukoo. Mbele yao alisimama mtu ambaye babu yake aliuchagua kwa kusoma, na baba yake akaulipia mbuzi.

J. J. Keki alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, njiani kuelekea kwenye yale majengo mawili marefu, yaliposhambuliwa. Aliporudi alipita nyumba kwa nyumba kwa majirani zake, wakulima wa kahawa kama yeye, Waislamu na Wakristo, akiwataka waungane. Mwaka 2004 chama cha ushirika kikazaliwa, Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, na kahawa yao ikapata mnunuzi California. Baada ya hapo alipoitwa ng'ambo kuzungumza, alikuwa na jambo jingine la kusimulia zaidi ya historia: namna Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zinavyoweza kugawana mizani moja ya kahawa.

Nyimbo nazo zilisafiri. Rabi Jeffrey Summit, mtafiti wa muziki kutoka Marekani, alizirekodi, na santuri iliyotoka mwaka 2003 ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Mwaka 2002 marabi kadhaa walikuja Nabugoye, na watu kama 400 wakapitia taratibu rasmi za kuingia Uyahudi. Wapo waliozipokea kwa furaha. Wapo walioumia, wakiuliza wanaingia wapi tena watu waliokuwamo tangu 1919, na swali lao lina haki ya kusikilizwa. Sizomu akaenda Los Angeles kusomea urabi, akahitimu mwaka 2008, akarudi nyumbani. Mwaka huohuo waliokuja Nabugoye kuomba kupokewa hawakuwa Waganda peke yao. Walitoka pia Kenya na nchi nyingine za Afrika, wamesafiri kwa siku kadhaa kuja kwa mwalimu.

Leo kilimani kuna sinagogi kubwa la mwaka 2016 na nyumba ya kulala wageni. Ijumaa jioni, jua likielekea kuzama, gitaa na ngoma huanza, na kusanyiko huimba Lekha Dodi, wimbo ambao Wayahudi wa kila nchi huupokea nao Sabato kama anavyopokewa bibi harusi. Mgeni akikaa pale kwenye benchi atayatambua maneno. Mwendo wake utakuwa mpya kwake, na itambidi asikilize kwanza ndipo aitikie. Ukifika ubeti wa mwisho, kwa desturi ya wimbo huo, watu wote husimama na kugeuka kuutazama mlango.