Kicheza media cha chaguo-msingi

Kicheza media cha chaguo-msingi ni programu ambayo mfumo wa uendeshaji wa kompyuta au simu huitumia kufungua faili ya muziki au video, pale mtumiaji anapoibofya bila kutaja programu anayoitaka. Kwa kawaida huteuliwa kwanza na kampuni iliyotengeneza mfumo au kifaa, na mtumiaji anaweza kukibadilisha baadaye. Kwa kuwa watu wengi hawabadilishi, uteuzi huo wa kwanza una uzito mkubwa kibiashara na umewahi kufikishwa mahakamani.

== Jinsi kinavyochaguliwa ==

Mfumo wa uendeshaji hutunza orodha inayounganisha kila aina ya faili na programu ya kuifungua. Windows hutambua aina ya faili kwa herufi za mwisho za jina lake, kama vile .mp3 au .mp4. Katika mifumo mingi ya Linux, machaguo ya mtumiaji huandikwa katika faili ya maandishi iitwayo mimeapps.list. Simu ya Android yenye programu kadhaa zinazofaa humwuliza mtumiaji atumie ipi, na kama aitumie mara moja tu au kila mara.

Zamani programu mpya ikisakinishwa katika Windows iliweza kujiweka yenyewe kuwa chaguo-msingi. Kuanzia Windows 8, iliyotolewa mwaka 2012, mtumiaji ndiye anayepaswa kufanya badiliko hilo.

== Kesi ya Microsoft barani Ulaya ==

Tarehe 24 Machi 2004 Tume ya Ulaya iliamua kwamba kampuni ya Microsoft ilivunja sheria za ushindani, pamoja na mambo mengine kwa kuuza Windows ikiwa tayari na Windows Media Player ndani yake. Wakati huo Windows ilikuwa katika zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta binafsi. Tume ilieleza kwamba watayarishaji wa muziki na filamu wangependelea muundo wa faili ambao karibu kila kompyuta inaweza kuufungua. Kwa njia hiyo washindani kama RealPlayer wangedhoofika hata kama programu zao ni bora.

Microsoft ilitozwa faini ya zaidi ya Yuro milioni 497 na kuamriwa kutoa pia toleo la Windows lisilo na kicheza media hicho. Ilikata rufaa, lakini tarehe 17 Septemba 2007 mahakama ya Umoja wa Ulaya huko Luxemburg iliunga mkono sehemu kubwa ya uamuzi huo.

== Matokeo ==

Toleo lililoamriwa liliitwa Windows XP N. Liliuzwa kwa bei ileile ya toleo kamili, hivyo wanunuzi hawakuona faida ya kulichukua na halikupata soko. Katika kesi iliyofuata, kuhusu vivinjari vya intaneti, Tume ilitumia njia nyingine: mwaka 2009 Microsoft ilikubali kuwaonyesha watumiaji wa Ulaya ukurasa wa kuchagua kivinjari wanachokitaka.

Matoleo ya N yameendelea kuwepo hadi Windows 11. Anayeyatumia anaweza kuongeza vipengele vya media vya Microsoft bila malipo, au kusakinisha programu nyingine kama VLC.