Kuwahi Namba: Historia ya Mahudhurio katika Shule za Msingi Tanzania

Juu kabisa ya ubao, pembeni, mwalimu wa shule ya msingi Tanzania huchora jedwali dogo kabla hajaanza kufundisha: Wav., Was., Jml., yaani wavulana, wasichana na jumla. Mstari wa kwanza ni wa walioandikishwa, wa pili ni wa waliohudhuria. Jedwali hilohilo limo kwenye andalio la somo, na mkaguzi akifika shuleni hukosi kumwona akilitazama. Tofauti kati ya mistari hiyo miwili imezisumbua serikali zote zilizotawala nchi hii kwa zaidi ya miaka 100, na kila moja ilikuja na dawa yake.

Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walikuwa na haja ya makarani, wakalimani na watu wa kukusanya kodi, kwa hiyo waliwaelekea zaidi watoto wa majumbe na wakubwa wa miji. Wazazi wa pwani hawakuwa wageni wa elimu. Watoto wao walikuwa tayari wanakwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani, wakipanda juzuu kwa juzuu, na wengi wao waliiona shule ya Mzungu kuwa ni mlango wa kuwaingiza watoto katika Ukristo. Shaka hiyo ilipungua polepole, vijana waliosoma Tanga walipoanza kuonekana na kazi na mshahara. Shule hiyo ilifika mahali pa kuchapisha gazeti lake, Kiongozi, lililosomwa sehemu nyingi za koloni.

Chini ya Waingereza kikwazo kikubwa kilikuwa umbali. Shule zilikuwa chache, nyingi zikiwa za misheni, na mtoto wa kijijini aliyetaka kusoma ilibidi ahame kwao. Julius Nyerere, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Tanzania, alianza masomo mwaka 1934 katika shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Kutoka kijijini kwao Butiama hadi Mwisenge ni kilomita 40 hivi. Baba yake alikuwa chifu na shule ilikuwa ya bweni. Laiti angezaliwa kwa mkulima wa kawaida katika kijiji kilekile, huenda asingeingia darasani kabisa. Mwaka wa Uhuru, 1961, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi wasiofikia nusu milioni.

Nyerere aliujua ugumu huu wa kuingia shule tangu utoto wake, na chini ya uongozi wake ada ya shule za msingi Tanzania Bara ilifutwa mwaka 1973. Zanzibar ilikuwa imekwisha kutangaza elimu bila malipo tangu Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi. Novemba 1974, chama tawala cha Bara, TANU, kilikutana Musoma na kuamua kuwa kila mtoto aliyefikia umri awe shuleni ifikapo 1977. Mpango wa awali ulikuwa ufike huko mwaka 1989. Miaka 12 ikakatwa kwa azimio moja.

Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambao watu wazima wa leo bado wanauita UPE, kwa herufi tatu, bila haja ya kueleza kirefu chake. Walimu hawakutosha, basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini chini ya waratibu elimu kata, kwa masomo ya posta na redio, huku wakiwa tayari wanashika chaki. Madarasa nayo hayakutosha. Wengine walisomea chini ya mwembe, wengine waliingia kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Operesheni Vijiji ilikuwa imekusanya kaya zilizotawanyika, mara nyingi kwa nguvu na kwa machungu yasiyosahaulika, lakini iliifanya shule iwe ndani ya mwendo wa miguu ya mtoto wa miaka saba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi walikuwa wamepita milioni tatu.

Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978 ikaufunga mlango wa nyuma. Kuanzia miaka 7 mtoto alilazimika kuandikishwa na kuhudhuria mpaka amalize darasa la saba, na mzazi aliyemzuia alitenda kosa. Mtendaji wa kijiji na mgambo wake wakapata kazi mpya ya kuwasaka watoro machungani, mashambani na kwenye magulio.

Siku ya shule enzi hizo ilianza gizani. Saa hazikuwapo nyumbani, na kengele ilikuwa kipande cha reli au ringi ya lori iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa nondo. Asubuhi yenye utulivu ilisikika vitongoji viwili mbali. Mtoto alitoka nyumbani na daftari kwapani, ufagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono mwingine. Akifika alipanga mstari na kuhesabu namba, kiranja akiandika majina ya waliokosa. Kisha mchakamchaka, kisha usafi wa mazingira, kisha paredi, ambako mwalimu wa zamu alipita akikagua kucha, nywele na sare. Aliyechelewa alipiga magoti, akapewa eneo la kufyeka, au akachapwa. Kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu viboko visivyozidi sita. Zile za mwaka 2002 zilishusha hadi vinne, na mwenye ruhusa ya kuchapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi. Kila aliyesoma enzi hizo anajua kuwa idadi iliyoandikwa na idadi iliyopigwa hazikuwa kitu kimoja.

Wapo wanaoikumbuka namba kwa fahari, na wana haki yao: iliwafunza maelfu kuamka mapema. Lakini kiboko hakikuuliza mtoto ametoka wapi. Aliyekaa jirani na shule na aliyevuka mto wakati wa masika walisimama mstari mmoja, na aliyevuka mto, akishajua kuwa amechelewa, mara nyingi aliona ni heri ajifiche vichakani mpaka saa ya kutoka kuliko kwenda kuchapwa. Hofu ya adhabu ya kuchelewa ilizalisha utoro.

Kilichovunja mahudhurio hasa kilikuwa ufukara. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, ukame na mazao yaliyoshuka thamani viliifilisi serikali, na katikati ya miaka ya 1980 ada ikarudi. Nyuma yake ikaja michango: ya madawati, ya mlinzi, ya mitihani, ya ujenzi. Mtoto aliyewahi namba, aliyefagia uwanja na kuimba wimbo wa taifa, aliitwa mbele ya wenzake na kurudishwa nyumbani kwa sababu ya deni la mzazi wake. Hakuna mtoto aliyechagua kukosa siku hiyo. Shule yenyewe ndiyo iliyomfukuza. Kiwango cha uandikishaji kilichokuwa kimepita asilimia 90 kikashuka chini ya 80 katika miaka ya 1990, huku sheria ya 1978 ikiwapo palepale kitabuni.

Mwaka 2001 ada ilifutwa tena, na Januari 2002 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza. Wanafunzi waliokuwa chini ya milioni 5 mwaka 2001 walipita milioni 7 mwaka 2005. Kenya ilishuhudia hayohayo. Ilipofuta ada Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka kwa mwaka mmoja, na mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza Eldoret. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1979, Rais Moi alikuwa ameanzisha maziwa ya bure shuleni, maziwa ya Nyayo, na Wakenya wa kizazi hicho mpaka leo wanaweza kukutajia siku za wiki yalipogawiwa.

Tanzania nayo ilijifunza somo la tumbo. Tangu mwaka 2000 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipeleka chakula katika shule za mikoa yenye ukame kama Dodoma na Singida. Mwalimu aliyefundisha huko haambiwi na mtu maana ya moshi wa jikoni saa nne asubuhi: mtoto hatoroki kabla ya kikombe cha uji, na akishashiba hasinzii. Baadaye Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, katika mpango wa kunusuru kaya maskini, ilifungamanisha ruzuku na mahudhurio ya angalau asilimia 80. Daftari la mahudhurio likawa na uzito wa fedha, na mama aliyekuwa akimbakiza binti nyumbani alee wadogo zake alipata sababu ya kumruhusu.

Mwaka 2016 michango ya lazima nayo ikafutwa, na madarasa ya kwanza yakafurika. Mwaka 2021 fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilijenga, pamoja na madarasa ya sekondari, madarasa 3,000 katika shule shikizi, zile shule ndogo zinazowekwa karibu na makazi ili watoto wa madarasa ya mwanzo wasitembee mbali. Ni suluhisho la umbali uleule wa Butiama na Mwisenge, lililochelewa miaka 87.

Ukitazama miaka yote hiyo, darasa lilijaa pale ada ilipofutwa, shule iliposogezwa na chakula kilipopikwa. Wakati fimbo na mgambo vilipoachwa vifanye kazi peke yao, lilipungua. Kwa hiyo mzazi atakayeketi kwenye mkutano wa shule mwaka huu asiishie kusikiliza matokeo ya mtihani wa darasa la saba. Amwombe mwalimu mkuu alete daftari la mahudhurio, asome mwezi wa masika na mwezi wa mavuno, aone ni watoto wa kitongoji gani wanaokosa, kisha wazazi wakubaliane palepale nani atatoa mahindi ya uji na nani atatoa kuni.