Zari ya Maskati: Historia ya Pepo Wasiofukuzwa

Zari ni neno lenye kazi tatu mjini Maskati na katika pwani ya Oman: ni pepo anayempanda mtu, ni maradhi yanayoletwa na pepo huyo, na ni ngoma inayopigwa ili wawili hao wapatane. Kupatana ndiko hasa kunakotafutwa. Katika zari pepo hafukuzwi. Huulizwa jina, husikilizwa, hupewa anachokitaka kwa kiasi, kisha hubaki na mtu wake maisha yote, mithili ya mpangaji aliyekwisha kuandikiana na mwenye nyumba.

Wataalamu wengi huitafuta asili yake Uhabeshi. Mfaransa Michel Leiris aliishuhudia Gondar mwaka 1932, na mwaka 1958 akachapisha kitabu kuonyesha jinsi kupandwa na pepo kulivyo karibu na mchezo wa kuigiza: pepo ana tabia yake, mavazi yake, hata mizaha yake, na watazamaji humjua kabla hajasema neno. Kufikia mwisho wa karne ya 19 zari ilikuwa imekwisha kuenea Sudan, Misri na Hijazi. Mholanzi Snouck Hurgronje, aliyekaa Makka mwaka 1885, aliikuta imeshamiri miongoni mwa wanawake wa mji ule mtakatifu.

Maskati ilikuwa na njia zaidi ya moja za kuipokea. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa kitovu cha dola ya baharini. Masultani wake waliikodi Bandar Abbas na ukanda wake wa pwani kutoka kwa Waajemi tangu 1794 hadi 1868. Waliishika Gwadar, pwani ya Mabulushi, hadi 1958. Na Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala 1806 hadi 1856, alihamishia makao yake Unguja. Katika pwani zote hizo watu walikuwa na pepo wao, na lugha zao zilikubaliana kwa namna ya kushangaza. Mswahili husema pepo, ndugu wa upepo. Mbulushi husema *gwat*, na maana yake ni upepo. Mwajemi wa kusini husema *bad*, nao ni upepo vilevile, na waliopandwa huitwa watu wa hewa. Mwandishi Gholam-Hossein Sa'edi aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1966. Sudan nako zari huitwa upepo mwekundu. Kwa mabaharia waliosafiri na kaskazi kwenda Unguja na kurudi na kusi, pengine halikuwa jambo la ajabu kwamba kitu kisichoonekana, chenye nguvu na chenye majira yake, kiitwe upepo.

Utaratibu wa kupatana na pepo hufanana pwani hizo zote, ingawa ala na maneno hutofautiana. Mtu huugua kwa muda mrefu na dawa hazimfai. Huitwa kiongozi, ambaye upande wa Iran hujulikana kama baba au mama na kwa Waswahili ni fundi au mganga. Ubani huchomwa, ngoma hupigwa, na nyimbo hujaribiwa moja baada ya nyingine hadi mgonjwa aanze kutikisika, kwa kuwa kila pepo huitikia wimbo wake tu. Akishapanda, maswali huanza: jina lako nani, umetoka wapi, unataka nini? Hapo ndipo kichekesho kinapoingia, maana madai ya pepo mara nyingi ni ya mtu mwenye makuu: pete ya fedha, kitambaa cha rangi fulani, manukato, chakula kilichopangwa vizuri. Mke ambaye hangethubutu kumwomba mumewe kanzu mpya huipata kwa kinywa cha pepo, na mume hulipa. Wachambuzi wamelijadili hilo sana, na si haki kuliita ujanja mtupu. Aliyepandwa naye huumwa kweli.

Hata jina la aliyepandwa husimulia jambo. Uhabeshi huitwa farasi wa zari: pepo humpanda na kumwendesha. Uswahilini huitwa kiti. Pepo wa Mswahili hana haraka ya safari, amekuja kukaa.

Unguja hukaa wengi. Kjersti Larsen, mtafiti kutoka Norway aliyechapisha kitabu chake mwaka 2008, ameeleza makabila yao: ruhani, Waislamu wa Kiarabu wapendao usafi na marashi, kibuki, Wakristo wa Bukini (Madagaska) wanaodai koniyaki na kuinywa kupitia koo la Mwislamu asiyegusa pombe, rubamba wa Pemba, na habeshia wa Uhabeshi. Kabla yake Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja na kujulikana baadaye kama Emily Ruete, alitenga sehemu ya kumbukumbu zake za mwaka 1886 kuwazungumzia waliopandwa na mashetani. Ukilinganisha pwani ya Unguja na ya Oman, sura yake ni ya kioo. Unguja pepo mwenye heshima ni Mwarabu; Ghuba, ngoma zenye nguvu juu ya pepo ni za Afrika. Kila upande umemtafuta mwenza wake ng'ambo.

Sababu moja ya ngoma za Ghuba kuwa za Afrika haina uzuri wowote. Ngoma zilifika Oman pamoja na watumwa. Sultan Turki bin Said alitia saini mkataba wa kuikataza biashara ya watumwa mwaka 1873, lakini mashamba ya tende ya Batinah, yaliyokuwa yakiuza hadi Marekani, yaliendelea kumeza watu waliovushwa kwa siri, na utumwa wenyewe ulikomeshwa rasmi mwaka 1970. Wazao wa watumwa ndio waliokuja kuwa mabingwa wa ngoma hizi. Mtu asiye na sauti barazani alikuwa na amri juu ya pepo wa watoto wa mabwana.

Wanachuoni hawakuipenda zari. Hawabishani juu ya kuwepo kwa majini, kwani Kurani ina sura nzima yenye jina lao. Wanachokataa ni kufanya nao mapatano na kuwachinjia. Tiba wanayoikubali ni kisomo.

Baada ya 1970, Waomani wengi waliokuwa Afrika Mashariki, wakiwemo waliokimbia mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, walihamia Maskati, na Kiswahili kikasikika upya madukani na maofisini. Mwaka 1983 serikali ilianzisha Kituo cha Oman cha Muziki wa Jadi, kilichorekodi aina zaidi ya 130 za nyimbo na ngoma. Humo imo lewa, ngoma ya duara yenye zumari, ambayo nyimbo zake zimebeba maneno ya Kiswahili yasiyoeleweka tena na baadhi ya waimbaji, na ambayo ngoma yake ndefu ya kusimama bado inaitwa msondo, jina ambalo mkazi wa Dar es Salaam atalihusisha kwanza na bendi. Imo pia tanbura, kinubi cha Wanubi, pamoja na mchezaji wake aliyejifunga mkanda wa kwato za mbuzi kiunoni. Zana hizo ndizo zilizomwita pepo. Siku za sherehe za taifa ngoma hizo huchezwa jukwaani kwa muda uliopangwa, na hakuna anayeulizwa jina.