Kiti cha Spika na Kiti cha Kijiji: Historia ya Uwakilishi wa Wanawake katika Siasa za Iringa na Mbeya, 1926–2023

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya uwakilishi wa wanawake katika siasa na vyombo vya uamuzi katika mikoa ya Iringa na Mbeya. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: kwa nini ukanda uliolipatia taifa Maspika wawili wa kwanza wanawake unabaki kuwa sehemu ya nchi ambayo wenyeviti wa vijiji wanawake ni wachache mno? Makala inatoa hoja kwamba milango ya uwakilishi ilifunguliwa kutoka juu, kwa uamuzi wa dola na chama, ilhali baraza la chini, ambalo ndilo linaloamua masuala ya ardhi na maisha ya kila siku, lilirithi sura ya kiume kutoka utawala wa kikoloni na halikuwahi kufumuliwa. Data zilizotumika zinatokana na Katiba, sheria, kumbukumbu za chaguzi na maandishi ya kihistoria na kianthropolojia.

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Februari 2022, Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lilimchagua Dkt. Tulia Ackson, mbunge wa Mbeya Mjini na mzaliwa wa Rungwe, kuwa Spika. Alikuwa mwanamke wa pili kukalia kiti hicho. Wa kwanza, Anna Makinda, alikikalia kuanzia Novemba 2010 hadi 2015 akiwa mbunge wa Njombe Kusini, jimbo ambalo hadi mwaka 2012 lilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Ikumbukwe pia kwamba Spika aliyekaa muda mrefu kuliko wote, Adam Sapi Mkwawa, alikuwa chifu wa Wahehe. Hivyo basi, Nyanda za Juu Kusini si pembezoni mwa historia ya Bunge letu.

Hata hivyo, historia ya wanawake wa ukanda huu katika siasa haijaandikwa kwa kina. Kazi ya Susan Geiger kuhusu wanawake wa TANU, iliyochapishwa mwaka 1997, ilirekebisha dhana kwamba harakati za uhuru zilikuwa kazi ya wanaume wasomi. Lakini masimulizi iliyoyategemea ni ya wanawake wa Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza. Iringa na Mbeya hazimo. Makala hii haidai kuliziba pengo hilo lote. Inakusudia kuonesha mstari mmoja unaounganisha baraza la kikoloni, kijiji cha ujamaa na uchaguzi wa vyama vingi.

Kuhusu mipaka, jina Iringa linajumuisha Njombe hadi mwaka 2012, na Mbeya inajumuisha wilaya zilizounda Mkoa wa Songwe mwaka 2016.

2.0 Jembe kwa Wanawake, Baraza kwa Wanaume: 1926–1961

Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, iliwapa machifu madaraka ya kukusanya kodi, kutunga amri ndogondogo na kuamua kesi. Katika Uhehe, serikali ilimrejesha Sapi, mwana wa Mkwawa, katika kiti cha baba yake mwaka huohuo wa 1926. Katika Rungwe, ambako hapakuwa na mtawala mmoja juu ya wote, serikali iliwapanga pamoja machifu wengi waliojulikana kwa jina la malafyale. Mifumo hii miwili ilitofautiana sana katika asili yake, lakini karatasi ya kikoloni iliifananisha katika jambo moja: aliyetambuliwa kuwa msemaji wa watu alikuwa mwanamume.

Haitoshi kusema kwamba hiyo ilikuwa mila tu. Katika Buha, magharibi mwa nchi, Mwami Theresa Ntare wa Heru alitawala ndani ya mfumo huohuo wa utawala usio wa moja kwa moja. Mfano huo unaonesha kwamba utawala wa Waingereza uliweza kumtambua mwanamke pale mazingira yaliporuhusu. Kwa hiyo, kukosekana kwa wanawake mabarazani katika Nyanda za Juu Kusini kunahitaji kuelezwa, si kuchukuliwa kuwa ni jambo la asili.

Sehemu ya maelezo imo katika mpangilio wa makazi na kazi. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza vijiji vya rika vya Wanyakyusa, ambamo wavulana wa rika moja walijenga pamoja na kukua kuwa jumuiya yenye sauti yake. Mwanamke aliingia katika kijiji hicho kwa njia ya ndoa. Hakuwa mmoja wa rika lililokianzisha.

Wakati huohuo wanaume waliondoka. Wengine walikwenda katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya; wengine walivuka mpaka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu ya Afrika Kusini; wengine walielekea mashamba ya mkonge na ya chai. Wanawake walibaki na mashamba, watoto, wazee na maamuzi ya kila msimu. Mtu angetarajia kwamba pengo hilo lingewafikisha barazani. Haikuwa hivyo. Kodi iliandikwa kwa jina la mwanamume aliye safarini, na kesi ya shamba ilisemwa na ndugu wa kiume aliyebaki. Wajibu ulihamia kwa mwanamke, lakini mamlaka hayakumfuata.

3.0 Kaya, Kijiji na Chama: 1961–1985

Uhuru ulibadilisha mengi. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ulioundwa mwaka 1962, uliwapa wanawake wa kila mkoa jukwaa, ngazi za uongozi na uzoefu wa kuendesha vikao. Mafanikio hayo hayapaswi kupuuzwa: wanawake wengi walioshika nyadhifa baadaye walijifunza kuongoza ndani ya jumuiya hiyo. Lakini UWT ilikuwa jumuiya ya chama. Iliandaa wanawake na kuwapeleka mbele ya milango ambayo funguo zake zilishikwa na vikao vingine.

Mabadiliko makubwa zaidi kwa mwanakijiji yalikuja na Operesheni Vijiji na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kila mkazi mtu mzima alikuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, awe mwanamume au mwanamke. Hii ilikuwa hatua ya kihistoria: binti wa mhamiaji wa Lupa sasa alikuwa na haki ya kukaa barazani na kunyoosha mkono.

Hata hivyo, kijiji kilipangwa kwa kaya, na kaya ilikuwa na mkuu wake. Mkuu wa kaya ndiye aliyeandikishwa, aliyepewa kiwanja na shamba, na aliyeitwa kikao kilipohitaji kauli ya nyumba. Isipokuwa kwa wajane na wanawake waliojitegemea, jina hilo lilikuwa la mume. Kwa namna hiyo daftari la kijiji liliendeleza kimyakimya mantiki ya daftari la kodi. Mwanamke aliingia mkutanoni, lakini hakufika mbele palipowekwa meza.

4.0 Mlango wa Viti Maalumu na Mipaka Yake

Mwaka 1985, mwaka ambao Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, Bunge lilitenga viti 15 kwa ajili ya wanawake. Baada ya kurejea kwa vyama vingi, idadi hiyo iligeuzwa kuwa uwiano: asilimia 15 katika uchaguzi wa 1995, asilimia 20 mwaka 2000, na asilimia 30 mwaka 2005. Kutokana na hatua hizo, baada ya uchaguzi wa 2020 wanawake walifikia takriban asilimia 37 ya wabunge. Pasipo viti maalumu hali ingekuwa tofauti kabisa: mwaka 1995 ni wanawake 8 tu nchi nzima waliochaguliwa majimboni, na mwaka 2005 walikuwa 17.

Takwimu hizo zinatetea viti maalumu, lakini hazielezi uzito wa kiti chenyewe. Ibara ya 78 ya Katiba inagawa viti kwa vyama kulingana na kura walizopata. Katika CCM, wanaotaka kuteuliwa kwa nafasi za mkoa hupigiwa kura na wajumbe wa UWT wa mkoa huo. Hivyo, mbunge wa viti maalumu kutoka Iringa au Mbeya anawajibika kwanza kwa wajumbe wa jumuiya yake na kwa chama, si kwa wapiga kura wa eneo fulani.

Tofauti hiyo ina matokeo ya kisheria. Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekewa sheria mwaka 2009, unasimamiwa na kamati inayoongozwa na mbunge wa jimbo. Mbunge wa viti maalumu anaweza kuzungumza juu ya zahanati ya Kilolo au barabara ya Rungwe kwa ufasaha kuliko yeyote, lakini hana fungu la jimbo la kupeleka huko.

5.0 Njia ya Makinda na Njia ya Tulia

Historia za Maspika hawa wawili zina umbo linalofanana. Makinda aliingia Bungeni mwaka 1975, akiwa na umri wa takriban miaka 26, kwa nafasi ya uwakilishi wa vijana. Alishika nyadhifa za uwaziri, kisha mwaka 1995 akagombea na kushinda Njombe Kusini, jimbo aliloliwakilisha kwa miaka 20. Tulia Ackson, mwanasheria na mhadhiri wa chuo kikuu, aliingia Bungeni mwaka 2015 kwa uteuzi wa Rais na mara moja akachaguliwa kuwa Naibu Spika. Mwaka 2020 aligombea na kutangazwa mshindi wa Mbeya Mjini. Mnamo Oktoba 2023, mjini Luanda, alichaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani.

Wote wawili walipita kwanza mlango uliofunguliwa kutoka juu, kisha wakautumia kama daraja la kufikia kura za wananchi. Hata kupanda kwa Makinda hadi kiti cha Spika kulitanguliwa na uamuzi wa chama: mwaka 2010 Kamati Kuu ya CCM ilipitisha majina matatu ya kuwania uteuzi wa nafasi hiyo, na yote yalikuwa ya wanawake. Chama kilipoamua, mjadala wa iwapo mwanamke anaweza uliisha kwa siku moja.

Mwaka 2020 ulileta sadfa yenye maana. Iringa Mjini na Mbeya Mjini, majimbo ambayo Chadema iliyashikilia tangu 2010 kupitia Peter Msigwa na Joseph Mbilinyi, yote mawili yalikwenda kwa wanawake wa CCM: Jesca Msambatavangu, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa CCM Mkoa wa Iringa, na Tulia Ackson. Kwa Iringa hilo halikuwa jambo geni, kwa kuwa Monica Mbega alikuwa mbunge wa jimbo hilo kabla ya 2010. Mtafiti makini hana budi kuongeza kwamba matokeo ya uchaguzi wa 2020 yalipingwa na vyama vikuu vya upinzani. Ongezeko la wanawake na ubora wa ushindani ni mambo mawili, na la kwanza halithibitishi la pili. Kinachothibitika ni kwamba chama kilichotaka kurejesha majimbo magumu ya mijini kiliwakabidhi wanawake kazi hiyo. Dhana kwamba mwanamke ni mgombea dhaifu haikuwa tena imani ya wateuzi wenyewe.

6.0 Kiti Kilichosahauliwa

Ikiwa imani hiyo imekwisha mijini, vijijini hali ni nyingine. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wanawake walikuwa takriban asilimia 2 tu ya wenyeviti wa vijiji nchini. Sheria inataka wanawake wasipungue robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji, na theluthi moja ya nafasi katika halmashauri za wilaya zimetengwa kwao. Lakini hakuna sheria inayogusa kiti cha mwenyekiti.

Uzito wa kiti hicho unaonekana wazi katika suala la ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na inataka watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Mbozi, wakati huo ikiwa ndani ya Mbeya, ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kutoa hatimiliki za kimila. Baadaye upimaji uliendelea katika vijiji vya Iringa na Mbeya, na hati nyingi zikaandikwa kwa majina ya wanawake au ya wenza pamoja. Hata hivyo, hati hiyo husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Jina la mwanamke limeingia katika hati. Mkono unaoithibitisha, kwa sehemu kubwa, bado ni wa mwanamume.

Kikwazo hapa si wapiga kura peke yao. Sheria hairuhusu mgombea binafsi, na mwaka 2019, baada ya Chadema kujitoa na wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa, CCM ilitwaa zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Katika mazingira hayo, uchaguzi halisi wa mwenyekiti ulimalizika katika kura za maoni za chama, ndani ya tawi. Hakuna Kamati Kuu iliyokaa kuamua kwamba majina yote matatu ya kijiji fulani yawe ya wanawake.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba katika Iringa na Mbeya uwakilishi wa wanawake ulikua kila mara dola au chama kilipofungua mlango kwa makusudi: 1962, 1975, 1985, 2010. Uliganda pale ambapo urithi wa daftari la kodi na mkuu wa kaya uliachwa uendelee. Hivyo, kusubiri mafanikio ya juu yashuke yenyewe hadi kijijini si mkakati. Historia ya karibu miaka mia moja haina mfano wa kushuka huko.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, viti maalumu viwekewe ukomo wa vipindi ili viwe daraja la kuelekea jimboni, au virejewe upya kwa mwanga wa pendekezo la rasimu ya Katiba ya mwaka 2013, la kila jimbo kuwa na mbunge mwanamke na mbunge mwanamume. Pili, vyama vifungwe na kanuni ya uteuzi katika ngazi ya kijiji na kitongoji, mahali ambapo kwa sasa hakuna kanuni yoyote. Kwa watafiti, kazi iliyobaki ni kuyatafuta masimulizi ya wanawake wa UWT wa Mufindi, Njombe, Rungwe na Mbozi ambao waliongoza vikao kwa miongo kadhaa, kabla kizazi hicho hakijatoweka.