Nani Ameshika Pesa? Usuluhishi wa Migogoro ya Ununuzi Mtandaoni

Kila unapozuka mjadala wa kumlinda mnunuzi wa mtandaoni, hurudi pendekezo lilelile: tujenge jukwaa la malalamiko kama la Umoja wa Ulaya. Kwamba mahakama si mahali pa kudai birika la shilingi 35,000 za Tanzania, hilo halina ubishi. Hata Kenya, ambako Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60, nauli na siku za kazi zitalimeza birika lenyewe. Ubishi uko kwenye jukwaa.

Wanaolisifu huishia kusoma kanuni yake, namba 524 ya mwaka 2013. Kwenye karatasi inapendeza: mnunuzi wa Lisbon anayemlalamikia muuzaji wa Berlin anajaza fomu kwa lugha yake, bila malipo, kisha wawili hao wanakubaliana juu ya chombo cha kuwasuluhisha. Jukwaa lilifunguliwa mwaka 2016, na wauzaji wakalazimishwa kuweka kiungo chake kwenye tovuti zao. Lilitembelewa mara milioni 2 hadi 3 kwa mwaka. Mashauri yaliyofika kwa wasuluhishi yalikuwa yapata 200 kwa mwaka, Ulaya nzima. Tarehe 20 Julai 2025 lilifungwa.

Lugha haikuwa tatizo, wala teknolojia. Pande mbili zisipoafikiana juu ya chombo ndani ya siku 30, lalamiko lilikufa. Muuzaji, ambaye alikwisha kulipwa, alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Watetezi husema wapo waliomalizana na mteja pembeni baada ya kuona lalamiko. Sawa, lakini kwa hilo barua pepe ingetosha.

Tazama upande wa pili. Soko la mtandaoni la eBay liliinunua kampuni ya malipo ya PayPal mwaka 2002, na uwezo wa kuzuia pesa ukawa ndani ya nyumba. Mfumo wake wa usuluhishi ulikuja kushughulikia migogoro ipatayo milioni 60 kwa mwaka. China, Alipay ilianza mwaka 2004 kwa kushika pesa ya mnunuzi wa soko la mtandaoni la Taobao mpaka athibitishe kuwa mzigo umefika. Utasema huyo aliyeshika pesa ni hakimu mwenye maslahi. Ni kweli, ila muuzaji humjibu.

Sisi tuna “lipa mzigo ukifika”, na wengi huamini inatosha. Birika nililolitaja ni langu. Dereva wa bodaboda alisimama getini Sinza, Dar es Salaam, injini inanguruma, boksi limefungwa kwa gundi ya karatasi. “Bosi, lipa kwanza ndo ufungue. Mimi nimetumwa tu.” Nikalipa kwa simu. Ujumbe wa muamala ulipoingia, pikipiki ilikuwa imeshageuza, na nilipofungua nikakuta birika lina ufa chini ya mpini. Muuzaji akajibu kwa mstari mmoja: bidhaa ikishapokelewa hairudishwi. Nguvu yangu yote ya kudai ilikwisha kabla sijaona nilichonunua.

Kwa hiyo ninapendekeza kitu kidogo kuliko jukwaa: malipo ya mzigo yakae kwa kampuni ya simu mpaka mnunuzi afungue boksi na kumtajia dereva namba ya siri ya kuyaachia. Si kurudisha muamala baadaye. Wafanyabiashara wa Nairobi wanawajua vizuri wateja wanaobeba bidhaa kisha wakaomba pesa irudishwe. Wala si kuzuia pesa siku tatu, maana machinga wa Kariakoo ananunua mzigo wa kesho kwa mauzo ya leo. Ni dakika tano.

Dakika hizo hazitamsaidia aliyeuziwa simu inayozima baada ya wiki mbili. Huyo bado atamhitaji msuluhishi, na swali la nani amlipe msuluhishi kwa mgogoro mdogo kiasi hicho ni gumu kuliko wapenzi wa majukwaa wanavyokiri.